Timu ya Nani? Maisha ya Padri Raphaël de la Kethulle

Miti ni mahali pa njia panda. Barabara inayotoka Bukavu inafika pale na kugawanyika: moja inaendelea Kavumu, penye uwanja wa ndege, hadi Goma, nyingine inapanda kuingia msitu wa Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri na Hombo. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na ekipe yetu pale, na mfanyabiashara mmoja ndiye aliyetununulia mpira na jezi. Alikuwa mtu mwema. Kila Jumapili alikuja kututazama, na tulipofungwa yeye ndiye aliyetufariji kwanza. Siku moja nahodha wetu alikataa kumpanga kijana wa ukoo wake ambaye hakuja mazoezini wiki nzima. Jioni ileile jezi zilikusanywa, mpira ukapelekwa nyumbani kwa mfadhili, na sisi tukabaki na uwanja mtupu.

Wazee walituita ili tusikilizwe. Mfadhili alieleza kwamba ekipe ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha. Sisi tulijibu kwamba ni yetu, kwa kuwa sisi ndio tunaokimbia. Mama mmoja muuza mboga, ambaye hakukosa mechi hata moja, alisema kwamba kama ni hivyo na yeye ana sehemu yake, maana koo lake lilikauka kwa ajili yetu. Mzee aliyeongoza kikao aliuliza kama kuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Haikuwepo. Kila mtu alirudi kwake, na ekipe ikafa.

Miaka mingi baadaye nilikumbuka kikao kile nikiwa darasani, mwalimu alipokuwa anatufundisha -a unganifu. Alitupa mfano ambao wengi wetu tunaujua: kitabu cha Juma. Kinaweza kuwa kitabu anachokimiliki Juma, au alichokiandika, au kinachosimulia habari zake. Kiambishi ni kimoja, na maana ni tatu. Papo hapo nikaelewa kwamba pale Miti hakuna aliyesema uongo. Ekipe ya mfadhili, ekipe ya wachezaji, ekipe ya mama muuza mboga: sarufi iliwaruhusu wote. Lakini sarufi haiwezi kuamua nani achukue jezi.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mtu ambaye maisha yake yangeweza kunisaidia kulifikiria swali hili, na nimempata Kinshasa, mbali na Kivu. Jina lake liko juu ya uwanja ambao dunia nzima iliuona mwaka 1974. Watu wengi wa rika langu wanalitaja jina hilo bila kujua kwamba mwenyewe alikuwa padri Mbelgiji, na kwamba mojawapo ya klabu kubwa mbili za Kinshasa ilitoka mikononi mwake. Nitasimulia maisha yake kwa mpango, kisha nitarudi kwenye swali letu.

Raphaël de la Kethulle de Ryhove alizaliwa mwaka 1890 karibu na mji wa Bruges, upande wa magharibi wa Ubelgiji, katika familia ya kikabaila. Jina refu namna hiyo ni la watu wenye ardhi na nasaba. Mtu wa ukoo kama huo angeweza kubaki kwao akaishi bila shida. Yeye alijiunga na shirika la wamisionari wa Scheut, lililoanzishwa mwaka 1862 na padri Théophile Verbist, na ambalo wanashirika wake wa kwanza walifika Kongo mwaka 1888. Scheut ni jina la mtaa wa Anderlecht, kando ya Brussels, nyumba ya shirika ilipojengwa. Sisi wa Kivu hatukuwazoea sana, kwa sababu huku waliotutangulia kwa injili na shule ni Mapadri Weupe. Lakini Léopoldville na sehemu kubwa ya magharibi ya nchi zilikuwa za Scheut.

Alifika mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea na sehemu kubwa ya Ubelgiji ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Léopoldville haikuwa bado makao makuu ya koloni. Serikali ilikuwa Boma. Hata hivyo mji ulikuwa unakua kwa kasi. Reli ya kutoka Matadi ilikuwa imekamilika mwaka 1898, na pale inapoishia ndipo meli za mto zinapoanzia. Kwa hiyo watu walimiminika kutoka pande zote za nchi: makarani, mafundi, mabaharia wa mtoni, vibarua, na vijana wasio na kazi maalumu. Lugha zilichanganyika, na Lingala ikawa daraja kati yao. Kwa Lingala padri anaitwa sango, na baba anaitwa tata. Raphaël aliitwa yote mawili kwa nyakati tofauti, lakini lililobaki ni la pili: Tata Raphaël. Naomba msomaji ashike neno hilo, maana ndani yake kuna nusu ya habari yote.

Kazi yake ilikuwa shule. Alifundisha, akafungua madarasa, akasimamia walimu. Lakini aliona jambo ambalo kila mwalimu wa mjini analijua: shule inamshika mtoto kwa saa chache tu, na saa zinazobaki ni za barabara. Wamisionari waliogopa pombe, ngoma za usiku na makundi ya vijana. Serikali ya kikoloni nayo iliogopa makundi, kwa sababu yake yenyewe: ilitaka wafanyakazi wenye afya, wanaotii saa na amri, wasiokaa pamoja na kuulizana maswali. Mpira ulionekana kuwafaa wote wawili. Unachosha mwili, una sheria, una filimbi, na kuna mtu mmoja katikati ya uwanja ambaye neno lake halijadiliwi.

Mwaka 1919, miaka miwili tu baada ya kufika, Raphaël alianzisha chama cha michezo cha Wakongomani, ambacho baadaye kiliruhusiwa kujiita cha Kifalme. Ndicho kilichowaunganisha vijana wa Léopoldville katika mashindano ya mpira yenye ratiba na sheria. Tusisahau hali ya mji wenyewe. Wazungu walikuwa na mtaa wao na Waafrika walikuwa na wao, ulioitwa Cité, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea ovyo upande wa pili. Michezo nayo ilifuata mpaka huohuo: Wazungu na yao, Waafrika na yao. Raphaël hakuuvunja mpaka huo. Alichofanya ni kuujaza upande mmoja wake: viwanja, shule, maskauti, muziki, mpira. Wapo wanaomsifu kwa kuujaza, na wapo wanaomlaumu kwa kutouvunja. Mimi naona kwamba mtu hawezi kuandika maisha yake kwa haki bila kuyataja yote mawili katika aya moja.

Mwaka 1925 alifanya jambo lingine ambalo, nadhani, hakujua lingefika wapi. Alianzisha chama cha waliosoma katika shule za mapadri wa Scheut, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, ADAPES. Ukikitazama juu juu ni chama cha kawaida: vijana waliomaliza shule wanakutana, wanasaidiana, wanacheza, wanasoma. Lakini katika koloni ambalo Mwafrika hakuwa na haki ya kupiga kura wala kuunda chama cha siasa, kukutana tu kulikuwa shule. Humo mtu alijifunza kuongoza kikao, kuandika kumbukumbu, kutunza hazina, kuchaguliwa na kuangushwa kwa kura. Jean Bolikango, mwalimu katika shule za Scheut, aliongoza ADAPES kwa miaka mingi, na mwaka 1960 aligombea urais wa nchi dhidi ya Joseph Kasavubu. Cyrille Adoula, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1961 hadi 1964, naye alipita shule ya Saint-Joseph ya mapadri haohao. Padri alidhani anatunza wanafunzi wake wa zamani wasipotee. Kumbe alikuwa anawapa meza, na penye meza watu huanza kuzungumza.

Sasa tuingie kwenye klabu. Mwaka 1935 Mkongomani mmoja, Honoré Essabe, alianzisha timu iliyoitwa Renaissance. Mwaka 1939 ikaitwa Diables Rouges, mwaka 1942 ikawa Victoria Club, na mwaka 1971 ikawa Vita Club, jina ililo nalo mpaka leo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalisikia jina hilo kwa namna yetu na tunacheka, maana kwetu vita ni vita; lakini wenyewe hawakulichukua kwetu.

Mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa timu ya upande wa pili. Hiyo ndiyo Daring, na mwanzilishi wake ni Padri Raphaël. Jina la Daring lilikuwa maarufu Ubelgiji wakati huo: klabu ya Brussels yenye jina hilohilo ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1936 na tena 1937. Basi ndani ya miezi michache Léopoldville ikawa na timu mbili ambazo mpaka leo zinaugawa mji: moja iliyoanzishwa na Mkongomani, nyingine iliyoanzishwa na padri Mzungu. Ukitaka kujua kama mwanzilishi ndiye mwenye timu, hapa pana jaribio ambalo historia imetufanyia bure.

Tulitazame jaribio hilo kwa utulivu. Kama mwanzilishi ndiye mwenye mali, mashabiki wa Daring wangekuwa wageni katika timu yao, na mashabiki wa Vita wangekuwa wenyeji katika yao. Haikuwa hivyo. Mitaa ya Kinshasa ilizichukua zote mbili kwa nguvu ileile. Hakuna mtoto wa Kinshasa aliyewahi kuipenda Daring nusunusu kwa sababu ilianzishwa na padri. Wachezaji walikuwa watu wa Cité, wakaaji wa Cité ndio waliopiga kelele uwanjani, na Jumatatu asubuhi habari ya mechi ilizungumzwa kwa Lingala wala si kwa Kifaransa. Tangu siku ile timu ilipopata maadui wake yenyewe na nyimbo zake yenyewe, ilikuwa imeshatoka mkononi mwa aliyeianzisha, hata kama ufunguo wa stoo ulikuwa bado mfukoni mwake.

Nimetaja ufunguo kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo umiliki wa kweli ulipokaa. Mpira unahitaji uwanja, na uwanja unahitaji kiwanja, saruji na kibali. Mambo hayo matatu hakuna kijana wa Cité aliyeweza kuyapata peke yake. Raphaël aliweza. Alikuwa Mbelgiji, alikuwa padri, alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na milango ya ofisi ilimfungukia. Mwaka 1937 ulifunguliwa uwanja wa Malkia Astrid, kwa jina la malkia wa Ubelgiji aliyekufa katika ajali ya gari huko Uswisi mwaka 1935. Mwaka 1952 ukafunguliwa mwingine mkubwa zaidi, ukapewa jina la mfalme kijana, Baudouin, aliyekuwa ametawazwa mwaka uliotangulia. Uwanja huo uliweza kuchukua makumi ya maelfu ya watu.

Ukiyasoma majina hayo kama msomi wa lugha unaona jambo moja. Timu zilikuwa na majina waliyoyataka wenye kucheza au wenye kuanzisha, lakini viwanja vilikuwa na majina ya watawala. Watu walikuwa wa kwao, ardhi ilikuwa ya mfalme. Padri alisimama katikati, akiwapa watu mahali pa kuchezea kwa kupitia jina la mfalme. Sidhani alikuwa na njia nyingine, na sidhani kama alitafuta njia nyingine.

Hapa ndipo neno tata linapotakiwa kupimwa. Baba humlisha mtoto, humvika, humpeleka shule, na mtoto hukua akimshukuru. Lakini baba wa kawaida anajua kwamba siku moja mtoto atahama nyumba, atajenga yake, na hata kumpinga. Ubaba wa kikoloni haukuwa na siku hiyo. Serikali ya Ubelgiji ilisema inawalea Wakongomani, ila haikutaja mwaka ambao malezi yangekwisha. Padri Raphaël aliishi ndani ya fikra hiyo. Upendo wake kwa vijana siutilii shaka. Mtu hakai karibu miaka 40 mahali pamoja akijenga viwanja kwa ajili ya watu asiowapenda. Lakini upendo wa baba asiyetaja siku ya kukabidhi unafanana sana na umiliki.

Wachezaji wenyewe walianza kuiona siku hiyo kabla ya wakubwa kuitaja. Mwaka 1954 Léon Mokuna, mchezaji wa Victoria Club, alikwenda Ureno kuchezea Sporting ya Lisbon, na mwaka 1957 akahamia La Gantoise, klabu ya mji wa Gent huko Ubelgiji. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kuishi kwa mpira huko Ulaya. Fikiria maana yake kwa kijana wa Cité: miguu iliyokuwa ikitumika kumtuliza Jumapili ilikuwa na bei. Ilikuwa mali, na mwenye mali hiyo ni yeye mwenyewe.

Padri Raphaël alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 65. Hakuuona mwaka 1959, na mimi huwa najiuliza angefikiri nini kama angeuona. Jumapili ya tarehe 4 Januari mwaka huo, mkutano wa ABAKO, chama cha Kasavubu, ulikatazwa. Watu waliokuwa wamekuja kusikiliza hawakutawanyika. Saa hizohizo mashabiki walikuwa wanatoka katika uwanja wa Baudouin baada ya mechi. Makundi mawili yakakutana, moja lenye hasira ya siasa na jingine lenye joto la mpira, na Léopoldville ikawaka. Makumi ya watu waliuawa. Tarehe 13 Januari serikali ya Ubelgiji ilitamka kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba Kongo itapata uhuru, na tarehe 30 Juni 1960 ukaja.

Sisemi kwamba mpira ndio ulioleta uhuru; hilo lingekuwa kuwadharau waliokufa na waliopanga. Nasema jambo dogo zaidi. Uwanja uliojengwa ili vijana wa mji wawe mahali pamoja, wakionekana na wakihesabika, siku ile uliwatoa wakiwa pamoja. Aliyejenga alikuwa ameshalala kaburini, na waliotoka mlangoni hawakumwomba ruhusa. Kama uwanja ule ulikuwa na mwenyewe, siku ile mwenyewe alijulikana.

Baada ya uhuru, majina yalianza kuhama. Uwanja wa Baudouin uliitwa wa 20 Mei, kwa kumbukumbu ya siku iliyotangazwa kuzaliwa kwa chama cha Mobutu, MPR, mwaka 1967. Ndipo tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mbele ya dunia nzima. Uwanja wa Malkia Astrid nao uliitwa wa 24 Novemba, siku Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965, na leo una jina la Kardinali Malula. Daring, katika siasa ya Authenticité iliyotaka majina ya kwetu, iliitwa Imana. Huku Kivu tuliokaa karibu na Rwanda na Burundi tulilisikia kama jina la Mungu. Katikati ya miaka ya 1980 ikawa Daring Club Motema Pembe, yaani moyo mweupe kwa Lingala, na kwa jina hilo ilichukua kombe la washindi wa makombe la Afrika mwaka 1994. Jina la Kizungu alilolitoa padri lilifutwa, likarudishwa, na likashonwa pamoja na maneno ya Lingala. Sijui mfano bora wa jinsi watu wanavyomiliki kitu walichopewa: hawakitupi, hawakiachi kama kilivyokuja, wanakitia maneno yao.

Kisha, utawala wa Mobutu ulipoanguka mwaka 1997, uwanja wa 20 Mei ulitafutiwa jina tena. Kongo ilikuwa na mashujaa wengi wa kuchagua. Ukapewa jina la Tata Raphaël. Mtu ambaye aliwapa wafalme majina ya viwanja, yeye mwenyewe alipata chake zaidi ya miaka 40 baada ya kufa, kutoka kwa serikali ambayo haikuwa na deni lolote kwake. Nadhani haikumrudishia mali. Ilimpa kumbukumbu, na hayo ni mambo mawili. Hapa -a unganifu inabadilika maana mbele ya macho yetu: uwanja wa Tata Raphaël si uwanja anaoumiliki, ni uwanja unaomkumbuka.

Msomaji anaweza kuuliza habari hizi zinatuhusu nini leo, wakati klabu zinalipa mishahara na kuuza wachezaji. Zinatuhusu sana. Klabu nyingi za Kongo, hata zile kubwa, kisheria ni vyama visivyo vya faida, chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Chama cha namna hiyo kina wanachama, kina komite, kina katiba. Hakina mwenye hisa. Lakini katika maisha ya kila siku klabu inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, yaani rais wake. Akiwa na fedha inapaa. Akichoka inalala njaa. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, na nayo ilibadili majina mara kadhaa, ikaitwa mpaka jina la tairi, Englebert, na kwa jina hilo ikachukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Tangu 1997 rais wake ni Moïse Katumbi, na chini yake imechukua ubingwa huo mwaka 2009, 2010 na 2015. Mitaani watu wanasema timu ya Katumbi. Wanasema kwa shukrani, na sarufi inawaruhusu. Kadutu vilevile, ukikaa katika Stade de la Concorde siku ya mechi ya Muungano na Bukavu Dawa, utasikia kila timu ikiitwa ya fulani, kisha dakika mbili baadaye mtu yuleyule akiiita ya kwetu.

Hapo naona tuna jambo la kujifunza kutoka kwa padri, zuri na baya kwa pamoja. Zuri ni kwamba mwanzo una heshima yake. Bila mtu wa kwanza kutoa mpira, hakuna mechi. Na asiyemshukuru mtu wa kwanza hatapata wa pili. Baya ni kwamba alijenga kila kitu ila siku ya kukabidhi. Viwanja vilikuwa na ramani, mashindano yalikuwa na ratiba, lakini hakukuwa na mwaka uliowekwa wa Wakongomani kushika ufunguo. Walipoushika, ilikuwa kwa msukosuko. Ile ADAPES yake inaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo hata ndani ya kazi yake mwenyewe: mahali ambapo waliofundishwa waliongoza vikao wenyewe, wakachagua rais wao wenyewe. Angeutendea mpira wote kama alivyowatendea wanafunzi wake wa zamani, huenda leo tungekuwa na desturi nzuri zaidi ya klabu kuliko hii ya kumngojea mwenye mfuko.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana ambayo nayapenda katika jambo hili. Mwenye timu ni mtu mmoja, anayehesabu jezi. Timu wenyewe ni watu wengi, waliovaa jezi na waliokauka koo. Silabi moja tu inawatenganisha, ila pale Miti silabi hiyo ilikuwa ndiyo kesi yote, na hakuna aliyeitamka.

Mwaka jana vijana wa Miti walianza ekipe nyingine kwenye uwanja uleule. Mfadhili ni mwingine, na jezi ni za rangi nyingine. Waliponijua kama mtu wa masomo ya lugha waliniomba niwaandikie wimbo. Niliwaambia wimbo wataupata wao wenyewe uwanjani. Mimi niliwaandikia karatasi: kurasa mbili, kwa Kiswahili, zinazoeleza nani ni mwanachama, nani anapanga wachezaji, jezi zinakaa kwa nani, na zinafanywa nini mfadhili akitaka kuondoka. Mfadhili alisoma, akafikiri kidogo, akauliza kama jina lake litatajwa mahali popote. Nilimwonyesha kifungu cha kwanza, penye neno mwanzilishi. Akatia sahihi.